Kubadili Nyenzo za Gia Nyumbani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wapanda Baiskeli wa Butembo na Beni

Barabara ya Taifa namba 2 kutoka Butembo hadi Beni ina kilomita 54, na njiani kuna mteremko wa Kabasha. Ufikirie mteremko huo kabla hujashika spana. Mwaka 1990 Shimano ilianza kuuza wenzo unaobeba gia na breki pamoja, na leo baiskeli nyingi za mbio zimejengwa hivyo. Ukifungua gia, umefungua na breki. Gia ikikosewa, utapanda mlima kwa miguu. Breki ikikosewa, huenda usifike Beni.

KABLA YA KUNUNUA

Fanya:
- Hesabu magurudumu ya meno ya nyuma, kisha nunua wenzo wenye hatua idadi hiyohiyo. Kwenye kaseti ya 8 nafasi kati ya gurudumu na gurudumu ni milimita 4.8, kwenye ya 10 ni karibu 3.95. Tofauti haifiki milimita moja, lakini inatosha kuufanya mnyororo uruke kila ukikanyaga kwa nguvu.
- Hesabu na magurudumu ya meno ya mbele. Wenzo wa kushoto wa mbili hauamrishi matatu.
- Nunua waya mpya na maganda mapya siku hiyohiyo.

Usifanye:
- Usichanganye wenzo wa SRAM na kisogeza mnyororo cha Shimano kwenye baiskeli ya mbio. Kila kampuni huvuta waya kwa kipimo chake.
- Usinunue wenzo wa hatua 11 kwa kuwa tu ni mpya, huku kaseti yako ni ya 8. Utalazimika kubadili kila kitu, na kipuri cha baiskeli ya mbio si cha kuokotwa kila duka la mjini.
- Usiudharau wenzo wa zamani usio na hatua, unaofungwa kwenye fremu na kusukumwa kwa kidole mpaka mnyororo utulie. Unakubali kaseti ya idadi yoyote. Mahali ambapo vipuri huja kwa gari kupitia mpaka wa Kasindi, huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili.

WAKATI WA KUFUNGUA

Fanya:
- Piga picha njia ya kila waya kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza.
- Andika mkono upi unavuta breki ya mbele. Baiskeli zilizotoka Uingereza kwa kawaida huivuta kwa mkono wa kulia. Za Ulaya bara, kwa wa kushoto. Irudishe kama ulivyoizoea, kwa sababu kwenye hatari mkono hautangoja ukumbuke.
- Peleka mnyororo kwenye magurudumu madogo kabisa, mbele na nyuma, ili waya ulegee.

Usifanye:
- Usifungue pande zote mbili kwa pamoja. Maliza upande mmoja. Mwingine uwe kielelezo chako.
- Usianze kazi hii jioni ukitegemea tochi ya simu. Anza asubuhi.

WAKATI WA KUFUNGA

Fanya:
- Tenga maganda. La breki kwa kawaida lina unene wa milimita 5 na waya uliozungushwa ndani. La gia lina milimita 4 na nyuzi zilizonyooka.
- Kata ganda kwa kifaa chenye makali, sawazisha mdomo wake, kisha uvishe kofia.
- Safisha njia ya waya chini ya ekseli ya kanyagio. Vumbi jekundu la kiangazi na tope la masika hujazana hapo, na gia huanza kugoma.

Usifanye:
- Usitumie ganda la gia kwenye breki, hata kwa siku moja. Nyuzi zake zilizonyooka hupasuka ukivuta breki kwa nguvu, na hapo hubaki na kitu mkononi.
- Usirudishie waya wa breki uliochanika uzi hata mmoja.
- Usizungushe utepe wa usukani kabla ya majaribio. Ukishaufunga, utaona uvivu kurekebisha kosa.

WAKATI WA KUJARIBU

Fanya:
- Ukiwa umesimama, vuta kila breki kwa nguvu zako zote, tena na tena. Wenzo ukigusa usukani, au waya ukiteleza kwenye skrubu yake, kaza upya na uanze tena.
- Inua gurudumu la nyuma, zungusha kanyagio na upite kila gia. Mnyororo ukisita kupanda kwenye meno makubwa, ongeza mkazo wa waya kwa nusu mzunguko wa kirekebishi.
- Kaza skrubu za mpaka hadi mnyororo usiweze kuangukia spoku.

Usifanye:
- Usijaribu mara ya kwanza kwenye mteremko. Anzia uani, kisha mtaani penye tambarare.
- Usitoke peke yako nje ya mji eti unapima gia. Tangu Oktoba 2014 raia wengi wameuawa katika eneo la Beni, na mnyororo ukikwama porini hakuna wa kukusaidia. Jaribu mchana, mjini, penye watu.
- Usimpakie mtoto wala mzigo mpaka waya mpya umezoea kazi na umekazwa mara ya pili.

Gia inayokwaruza inaweza kungoja hadi kesho. Breki haingoji. Kama moja bado inateleza na hujui sababu, mlipe fundi anayejua. Na mpaka atakapoimaliza, baiskeli haitoki uani.