Kegi ya Lita Tano: Namna ya Kuitumia Tena kwa Bia ya Nyumbani

Katika maduka ya vinywaji ya Ujerumani, bia huuzwa pia ndani ya kopo kubwa la bati lenye ujazo wa lita 5. Juu lina kizibo cha mpira, na chini ubavuni lina koki ndogo ya plastiki inayovutwa nje wakati wa kumimina. Watu hulinunua kwa sherehe za nyumbani na kwa nyama choma ya bustanini. Uingereza nako viwanda vidogo hulitumia kumuuzia mteja ale ya kunywea nyumbani. Sheria ya Ujerumani inatoza amana ya senti 25 kwa vyombo vya vinywaji vya kutupwa vyenye ujazo wa kuanzia lita 0.1 hadi lita 3. Kopo la lita 5 limevuka kiwango hicho, hivyo kwa kawaida ukilirudisha dukani hupewi chochote. Bia ikiisha, kopo zima lisilo na kasoro linaishia kwenye vyuma chakavu, ilhali wapo wanaopika bia nyumbani ambao lingewafaa sana. Ni rahisi kujaza kopo moja kuliko kuosha, kujaza na kuziba chupa kumi za nusu lita.

Linaweza kutumika tena, na wengi hufanya hivyo. Lakini kwanza ujue umeshika chombo gani. Msomaji wa Kenya akisikia neno kegi atafikiria pipa zito la chuma la baa, linalorudi kiwandani na kujazwa tena mwaka hadi mwaka. Hili si hilo. Hili ni bati jembamba lililotengenezwa kwa safari moja tu: kiwandani, dukani, mezani, basi. Bati lenyewe haliguswi na bia, kwa sababu ndani limepakwa rangi ya kinga. Rangi hiyo ikichubuka, kutu huanza na bia hupata ladha ya chuma. Na kwa kuwa ukuta ni mwembamba, gesi ikizidi kopo huvimba juu na chini, na likizidiwa hupasuka. Maelekezo yote yanayofuata yanatokana na mambo hayo mawili, rangi ya ndani na presha ya gesi.

Si kila kopo linafaa. Kuna aina, mfano DraughtKeg ya Heineken, ambayo ndani yake kuna kifaa kilichohifadhi gesi ya kabonidioksidi ya kusukumia bia. Bia inaweza kuwa imekwisha na kifaa hicho bado kina presha. Usilitoboe, usilikate, wala usijaribu kuking'oa kifaa hicho kwa nguvu. Wako watu wenye ujuzi wanaoyageuza makopo hayo, lakini ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja: lipeleke kwenye vyuma chakavu na utafute lile la kawaida lenye kizibo cha mpira juu.

Ukilipata, kazi huanza siku ileile bia inapokwisha. Mabaki yakikaukia ndani, utalazimika kusugua, na kusugua ndiko kunakoharibu rangi ya kinga. Kwanza toa presha yote: zungusha kitufe cha kizibo mpaka mlio wa gesi ukome, kisha fungua koki ya chini uhakikishe hakuna kinachosukuma. Hapo ndipo ushike plaizi yenye mdomo mrefu. Kizibo kina sehemu mbili, plastiki katikati na mpira unaoizunguka. Vuta plastiki kwanza. Mpira ukibaki bila moyo wake hulegea na kutoka. Ukidumbukia ndani, uvute taratibu kwa plaizi hiyohiyo. Usitumie bisibisi kuchokonoa ukingo wa tundu, kwa sababu ukingo huo ndio utakaokamata kizibo kipya, na mkwaruzo mdogo hapo ni mwanya wa gesi na mwanzo wa kutu.

Osha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, kisha weka dawa ya kusafishia vyombo vya bia isiyo na klorini, ile ya unga inayotoa oksijeni. Iache dakika kama ishirini, tikisa, suuza. Jiki usiitumie kabisa hapa. Inaua vijidudu, ni kweli, lakini inakula chuma popote rangi ilipopata ufa. Hali kadhalika waya wa kusugulia masufuria, mchanga na kokoto. Koki ya chini ndiyo sehemu inayohitaji subira zaidi, maana ina kona ambazo brashi haifiki; ifungue na upitishe dawa ndani yake mara mbili au tatu, kisha maji safi. Malizia kwa kuligeuza kopo juu chini likauke kabisa. Kopo linalowekwa likiwa na unyevu halitadumu.

Likishakauka, ingiza mwanga wa tochi kwenye tundu na uchunguze. Doa la kahawia, rangi iliyobanduka kama ganda, ukingo uliopinda au mshono uliobonyea, lolote kati ya hayo linatosha kulikataa. Mtu asikudanganye kwamba kuna idadi maalumu ya mara za kulitumia. Kopo linalooshwa mapema na kukaushwa vizuri hurudi kazini mara kadhaa; linalosahauliwa nyuma ya jiko halifiki hata mara ya pili.

Sasa tuje kwenye gesi, na hapa naomba usome polepole.

Bia ya nyumbani hupata mapovu yake kwa sukari kidogo inayoongezwa wakati wa kufungasha. Hamira iliyobaki ndani ya bia huila sukari hiyo na kutoa kabonidioksidi, ambayo haina pa kutokea. Kwenye chupa nene za bia, watu wengi hutia karibu gramu 6 za sukari kwa lita. Ukipeleka kipimo hicho kwenye kopo la bati, unalitafutia balaa. Kwa kopo zima la lita 5, gramu 20 za sukari nyeupe zinatosha, na kama bia ilichachuka mahali pa baridi, gramu 15, kwa kuwa bia ya baridi huwa imebaki na gesi nyingi zaidi ndani yake. Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Gesi hiyo ndogo ina faida nyingine: koki ya kopo ni fupi, na bia yenye gesi nyingi ikipita hapo hutoka povu tupu.

Joto nalo lina neno. Gesi ileile, sukari ileile, lakini chumba kikipata joto, bia hushindwa kuishika gesi nayo hupanda kusukuma kuta. Kwa gramu 20 nilizozitaja, presha ndani ya kopo kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ni takriban bar 1.2. Kwenye nyuzi 30 hukaribia bar 1.9. Ukiliacha ndani ya gari juani likafika nyuzi 40, hupita bar 2.5, na kopo jembamba halikukusudiwa kubeba hivyo. Kwa hiyo anayeishi Hamburg au Leeds ana nafasi ya kutosha, ilhali anayeishi mahali pa joto la pwani asiliweke kopo lililotiwa sukari nje ya chumba chenye ubaridi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kufungasha bia ambayo haijamaliza kuchachuka. Tumia haidromita, kioo kinachoelea cha kupimia uzito wa bia. Pima leo, pima tena baada ya siku mbili au tatu; namba zikiwa sawa, bia imetulia. Wala usiamini macho kwa kuwa mapovu yamekoma juu ya ndoo. Bia iliyofungwa kwenye 1.014 halafu ikaendelea kushuka hadi 1.010 ndani ya kopo huzalisha gesi karibu mara mbili ya ile inayotolewa na sukari yako yote ya gramu 20. Tofauti hiyo machoni ni mstari mdogo tu juu ya kioo cha kipimo, lakini ndiyo inayovimbisha makopo.

Siku ya kujaza, chemsha sukari kwenye nusu kikombe cha maji, iache ipoe, uimimine kwanza ndani ya kopo lililokwisha kupitishiwa dawa ya kuua vijidudu. Loweka na vizibo vipya katika dawa hiyo. Nunua vile vyenye kitufe cha kupunguzia presha, vinavyouzwa katika maduka ya vifaa vya bia ya nyumbani, kwani siku mambo yakienda kombo kitufe hicho ndicho mlango wako. Kisha shusha bia kwa mpira safi unaogusa sakafu ya kopo, ipande polepole bila kurusha matone. Hewa ikichanganyika na bia katika hatua hii, ladha huharibika ndani ya wiki chache. Acha nafasi ya sentimita mbili au tatu juu. Ingiza mpira wa kizibo ukiwa umelowa, halafu plastiki ya katikati, ukandamize mpaka ikae sawa.

Kuna mbinu moja ninayoipendekeza kwa kila mtu. Changanya bia kidogo na sukari kwa kipimo kilekile, gramu 4 kwa lita, ujaze chupa tupu ya soda ya plastiki ya nusu lita na uiweke kando ya kopo. Hiyo chupa itakuambia kinachoendelea pasipoonekana. Ibonye kila siku. Ikianza kukaza, hamira inafanya kazi. Ikikaza kama jiwe kabla ya wiki kuisha, gesi imezidi, na kopo lililo jirani yake lina hali hiyohiyo. Kwa kawaida wiki moja hadi mbili kwenye nyuzi 18 hadi 22 zinatosha, halafu kopo huingia kwenye jokofu siku nzima kabla ya kufunguliwa.

Ukikuta kopo limevimba, usilitikise, usilibebe kifuani, wala usiruhusu watoto kulikaribia. Lifunike kwa blanketi zito na ulipoze hapohapo lilipo, kwa barafu ukiweza, maana ubaridi hushusha presha. Likishapoa sana, geuza uso pembeni ufungue kitufe kidogo kidogo mpaka gesi itoke. Bia hiyo inywe, kopo litupe. Bati lililokwisha kuvimba haliaminiki tena.

Wakati wa kunywa una njia mbili. Ya kwanza ni kufungua kitufe cha juu hewa iingie na kuvuta koki ya chini. Haigharimu kitu, lakini bia inatakiwa iishe usiku ule au kesho yake. Ya pili ni kununua koki ya juu inayotumia vibomba vya gramu 16 za kabonidioksidi ya chakula. Kibomba kimoja kina gesi ya kutosha kusukuma lita zote 5, na bia hukaa siku kadhaa ikiwa baridi. Fungua gesi kwa kipimo kidogo sana, uongeze tu mminiko unapopungua. Usichanganye vibomba hivyo na vile vya kupigia krimu, ambavyo vina gesi nyingine, na pampu ya baiskeli au kompresa ya gereji visikaribie kopo hili hata kwa majaribio.

Nimeulizwa kama mbege au busaa vinaweza kuwekwa humo. Hapana. Pombe hizo hunywewa zikiwa bado zinachachuka, na zina chembe za nafaka zinazoweza kuziba koki na kizibo kwa pamoja. Chombo kilichofungwa kikiwa na kinywaji kinachoendelea kuzalisha gesi, bila pa kupumulia, ni hatari tupu. Ziachwe kwenye vyombo vyake vilivyo wazi.

Sheria pia ziangaliwe. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani iliruhusu kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima anayeishi peke yake na 200 kwa kaya yenye watu wazima wawili au zaidi, kwa matumizi yao na si kwa kuuza. Kenya, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, kutengeneza kileo kunahitaji leseni. Ulipo, uliza kwanza.

Kwa anayepika mara kwa mara, maoni yangu ni kwamba kopo la bati ni shule nzuri lakini si nyumba ya kudumu. Kegi ndogo za chuma kisichoshika kutu za lita 5 zinauzwa, na kegi za Cornelius za lita 19, zilizotengenezwa kwa ajili ya soda, zimeundwa kuhimili presha ya takriban bar 9. Hadi utakapozifikia, tumia kopo lako kwa gramu 20, chumba cha baridi na tochi, na siku utakapoona kutu ndani, toa presha yote, ng'oa kizibo, ulipeleke kwenye vyuma chakavu.