SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: KULINGANISHA MAKISIO YA MODELI ZA TABIANCHI NA MVUA ILIYOPIMWA

Kila katibu wa chama cha msingi anafahamu kuwa hesabu za msimu ni za aina mbili. Ya kwanza ni makisio, yaani kilo ambazo chama kinatazamia kukusanya. Ya pili ni kilo zilizopita kwenye mizani na kuandikwa katika stakabadhi. Makisio ni ya lazima, kwani bila hayo hakuna bajeti wala mkopo wa pembejeo. Hata hivyo, hakuna mkaguzi atakayekubali makisio yaandikwe katika daftari kana kwamba ni mazao yaliyokwisha pokelewa.

Siku hizi vyama huletewa makisio ya namna nyingine: ramani na majedwali yanayoonyesha mvua na joto litakalokuwako miaka thelathini ijayo. Makisio hayo hutokana na modeli za tabianchi. Kwa kuyategemea, wanachama huombwa kuamua mambo mazito, kama kung'oa mibuni ya zamani, kuchimba mifereji, kujenga vikaushio au kukata bima ya mazao. Deni la uamuzi huo hulipwa kwa makato ya kila kilo, msimu baada ya msimu. Kwa hiyo si haki mwanachama anyooshe mkono kabla ya kujua kama makisio hayo yamewahi kulinganishwa na mvua iliyonyesha kweli. Somo hili linaeleza jinsi ulinganisho huo unavyofanywa.

1. Modeli ni nini?

Tabianchi ni hali ya hewa ya mahali ikichukuliwa kwa wastani wa miaka mingi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kipindi cha miaka 30. Modeli ya tabianchi ni programu kubwa ya kompyuta inayokokotoa, kwa kanuni za fizikia, mwendo wa hewa, joto, mvuke na mikondo ya bahari. Tangu mwaka 1995 vituo vya utafiti vya nchi mbalimbali vimekuwa vikilinganisha modeli zao katika mpango wa pamoja uitwao CMIP. Katika awamu ya sita ya mpango huo, kila kituo kilitakiwa kwanza kukokotoa miaka iliyopita, kuanzia 1850 hadi 2014, kabla ya kukisia ijayo. Miaka hiyo iliyopita ndiyo inayotuwezesha kuikagua modeli.

Modeli huigawa dunia katika miraba. Katika nyingi za dunia nzima, upande mmoja wa mraba una urefu wa kilomita zipatazo 100. Kwa kipimo hicho, kilele cha Kibo chenye mita 5,895, msitu, mashamba ya kahawa na tambarare zilizo chini ya mita 1,000 huweza kuingia katika mraba mmoja na kupewa mvua moja na joto moja. Mkulima wa Kilimanjaro anajua kwamba mteremko wa kusini hupata mvua nyingi kuliko wa kaskazini. Mraba huo haujui. Hivyo tarakimu ya mraba ni wastani wa eneo kubwa, nayo haiwezi kuchukuliwa kuwa mvua ya shamba fulani.

2. Vipimo halisi

Upande wa pili wa hesabu ni vipimo. Cha kwanza ni kipima mvua cha kituo, ambacho kwetu husomwa saa tatu asubuhi. Cha pili ni kumbukumbu zinazounganisha picha za setilaiti na vituo vya ardhini. Mfano wake ni CHIRPS, inayoanzia mwaka 1981 na yenye miraba ya kilomita 5 hivi.

Hata mizani hukaguliwa. Setilaiti haipimi maji. Hukadiria mvua kwa ubaridi wa vilele vya mawingu, na milimani mawingu yasiyo marefu huweza kuleta mvua ambayo setilaiti haikuihesabu. Kumbukumbu za vituo nazo huwa na mapengo. Hapa lipo kosa ambalo katibu anayetunza kipima mvua cha chama hana budi kuliepuka: siku ambayo kipimo hakikusomwa isiandikwe sifuri. Sifuri maana yake ni kwamba kipimo kilisomwa na mvua haikuwapo. Siku isiyosomwa iachwe wazi na sababu ielezwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua nayo ni mali.

3. Kuziweka hesabu katika kipimo kimoja

Hakuna anayelinganisha debe na kilo. Kabla ya ulinganisho, mambo manne hurekebishwa.

(a) Vipimo. Modeli hutoa mvua kwa kilo za maji katika kila mita ya mraba kwa sekunde. Kilo moja ya maji ikitandazwa juu ya mita moja ya mraba hufanya kina cha milimita moja. Siku ina sekunde 86,400. Kwa hiyo modeli ikitoa 0.00005, huzidishwa kwa 86,400 na kupatikana milimita 4.32 kwa siku, sawa na milimita 129.6 kwa mwezi wa siku 30. Joto nalo hutolewa kwa kelvini, huondolewa 273.15 ili kupata nyuzi za selisiasi.

(b) Kalenda. Baadhi ya modeli zina mwaka wa siku 360, yaani miezi kumi na miwili ya siku thelathini thelathini. Aidha, siku ya modeli huanza usiku wa manane wa saa za Greenwich, ambao kwa Afrika Mashariki ni saa tisa usiku, ilhali siku ya kipima mvua huanza saa tatu asubuhi. Tofauti hiyo ya saa sita huweza kuiharibu hesabu ya siku moja moja. Katika hesabu ya mwezi mzima athari yake ni ndogo.

(c) Kipindi. Pande zote mbili zichukuliwe kwa miaka ile ile, kwa mfano 1985 hadi 2014. Lakini mwaka mmoja wa modeli usilinganishwe na mwaka mmoja wa kalenda. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 zilitokea kwa mpangilio wa bahari wa mwaka ule. Modeli huzalisha El Niño zake kwa wakati wake. Kinacholinganishwa ni wastani wa miaka mingi, mwendo wa misimu, na jinsi miaka inavyopishana.

(d) Miraba. Vipimo vya miraba midogo hukusanywa hadi vilingane na mraba mkubwa wa modeli. Kuigawa modeli katika miraba midogo ili ramani ipendeze hakuiongezei maarifa hata kidogo.

4. Kazi ya programu

Kazi hizi zikifanywa kwa mkono zingechukua miaka, na makosa yangekuwa mengi. Ndiyo maana ziko programu maalumu. Mojawapo ni ESMValTool, iliyotungwa na wanasayansi wa nchi mbalimbali na kutolewa bila malipo. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 2020. Mtumiaji huandika karatasi fupi ya maagizo, mfano wa maelezo ya mapishi: modeli zipi, vipimo vipi, miaka ipi, eneo gani, marekebisho gani, na hesabu gani ifanywe mwishoni. Programu huifuata hatua kwa hatua, kisha huchora ramani na michoro.

Faida kubwa kwa mtu wa ushirika ni kwamba programu hiyo hutunza kumbukumbu ya asili ya kila mchoro: data iliyotumika na hatua zilizopitiwa. Hiyo ni sawa na vocha iliyoambatanishwa na malipo. Mtu mwingine akipewa karatasi ile ile ya maagizo na data zile zile, hana budi kufikia jibu lile lile. Ramani isiyo na kumbukumbu hiyo ni malipo yasiyo na vocha.

5. Hesabu yenyewe

Ichukuliwe, kwa mfano wa kufundishia tu, kwamba kituo kina wastani wa milimita 600 wakati wa masika, 250 wakati wa vuli, na 150 katika miezi mingine, jumla 1,000. Modeli inatoa masika 450, vuli 420, na miezi mingine 130, jumla 1,000. Anayetazama jumla atasema modeli ni kamili.

Tofauti za misimu ni hizi: masika, pungufu 150, vuli, zaidi 170, miezi mingine, pungufu 20. Zikijumlishwa hufutana na kuwa sifuri. Ndivyo ilivyo kwa karani anayezidisha kilo kwa mkulima mmoja na kuzipunguza kwa mwingine: jumla ya siku huwa sawa, lakini watu wawili wameandikiwa uongo. Kwa hiyo wataalamu huipandisha kila tofauti katika mraba wake: 22,500, na 28,900, na 400. Jumla ni 51,800. Ikigawanywa kwa 3 hupatikana 17,267 hivi. Kipeuo chake cha pili ni milimita 131. Hilo ndilo kosa la kawaida la modeli hiyo kwa msimu, ambalo jumla ya mwaka ililificha.

Mfano huo haukuchaguliwa ovyo. Ulinganisho umeonyesha kwamba modeli nyingi za dunia nzima hupunguza mvua za masika na kuzidisha za vuli katika Afrika Mashariki. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 masika yalielekea kupungua, wakati modeli nyingi zilikisia kuwa mvua za eneo hili zitaongezeka. Wanasayansi wameliita jambo hilo kitendawili, na wamelijadili kwa miaka mingi. Wala wastani wa modeli nyingi si dawa ya kosa hili: mizani kumi zikipunja upande mmoja, wastani wake nao utapunja.

6. Maana yake kwa chama

Ikiwa modeli ya mfano huu inasema vuli itaongezeka kwa asilimia 10, tarakimu ghafi itakuwa milimita 462. Lakini asilimia 10 ya mvua iliyopimwa ni 25, hivyo makisio ya busara ni 275. Chama kitakachotumia tarakimu ya kwanza kuamua ukubwa wa mifereji na vikaushio kitakopa kwa ajili ya mvua ambayo haikuwapo hata katika miaka iliyopita. Hata tarakimu ya pili si ahadi: modeli iliyoyapatia yaliyopita yaweza kukosea yajayo.

Hayo hayana maana kwamba modeli zitupwe. Kuhusu joto la dunia, modeli zimeonyesha ongezeko kwa namna inayokubaliana vema na vipimo. Kila makisio yatumike kwa kadiri yalivyokaguliwa.

Kwa hiyo mgeni anapoleta ramani, bodi iombe majibu ya maswali haya, nayo yaandikwe katika muhtasari wa mkutano:

(i) Ni modeli ngapi zilizotumika, na mraba wake una ukubwa gani?
(ii) Zililinganishwa na vipimo vipi, na vya miaka ipi?
(iii) Kosa lake ni kiasi gani katika masika, na kiasi gani katika vuli, kila msimu peke yake?
(iv) Tarakimu zilizo katika ramani ni ghafi au zimerekebishwa, na kwa njia gani?
(v) Karatasi ya maagizo ya programu inapatikana kwa mtu mwingine kuirudia?

Asiyeweza kuyajibu arudi siku nyingine. Kuahirisha kura kwa mwezi mmoja hakumgharimu mwanachama kama deni la miaka kumi.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya masomo

1. Modeli imetoa mvua ya 0.00003 kwa kipimo chake. Je, ni milimita ngapi kwa siku, na ngapi kwa mwezi wa siku 30?
2. Kwa nini haifai kuilaumu modeli kwa kukosa mvua za mwaka 1997?
3. Katika daftari la mvua la chama chenu, siku zisizosomwa zimeandikwaje? Katibu alete daftari, na wanachama walikague pamoja.