Bila Embe, Bila Chungwa: Vidokezo kwa Mla Mimea Asiyepatana na Matunda

Nimezaliwa Muheza, mkoani Tanga, kwenye machungwa. Msimu ukifika, mtoto anayekataa chungwa huonekana ama mgonjwa ama mwenye maringo, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Embe moja lilitosha kunijaza gesi usiku kucha. Tikitimaji ndilo lilikuwa baya zaidi, maana halikunipa hata muda wa kuondoka mezani. Nimemezeshwa dawa za minyoo, kisha za vidonda vya tumbo, mpaka siku daktari mmoja aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Jana ulikula nini?"

Nyama, samaki na maziwa niliviacha kwa hiari yangu ukubwani. Shangazi alipojua kwamba na matunda nayo hayamo, alishika kiuno. "Sasa mwanangu utakula nini, majani kama mbuzi?"

Ndiyo, shangazi. Majani, mizizi, nafaka na jamii yote ya kunde. Ila inataka ujue unachokifanya, na haya ndiyo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

1. Jua kwanza matunda yanakukataa kwa njia gani

Watu wawili wanaweza kusema "matunda hayanikubali" wakawa na mambo mawili tofauti kabisa. Wa kwanza ni yule ambaye utumbo wake mwembamba haufyonzi vizuri fruktosi, yaani sukari ya matunda. Sukari hiyo ikibaki, inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na hapo ndipo gesi, msokoto na kuharisha huanza. Inasumbua, lakini haiui, na kiasi ndicho kinachoamua: kipande kinaweza kupita pale ambapo bakuli zima haliwezi. Embe na tikitimaji huwasumbua wengi zaidi kwa sababu fruktosi yake inaizidi glukosi, na glukosi ndiyo inayoisaidia fruktosi kufyonzwa. Hospitali zenye vifaa hupima tatizo hili kwa pumzi, zikitafuta gesi ya hidrojeni baada ya mgonjwa kunywa fruktosi.

Wa pili ni mwenye mzio. Mdomo unamwasha, midomo inavimba, pengine ngozi inatoka vipele. Wapo wenye mzio wa mpira, ule wa glavu na maputo, ambao miili yao hukataa pia ndizi, papai na parachichi. Huyu hajaribu "kidogo tu". Akianza kubanwa pumzi, ni kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Na yupo wa tatu, nadra, aliyezaliwa bila kimeng'enya cha kuvunja fruktosi kwenye ini. Kwake hata sukari ya mezani ni hatari, kwa kuwa nusu yake ni fruktosi, na ini na figo zake zinaweza kuharibika. Dalili mara nyingi huanza mtoto anapoonjeshwa vyakula vya kwanza. Kama ni wewe au mwanao, mpango wa chakula utoke kwa daktari. Vidokezo vinavyofuata nimeviandika hasa kwa yule wa kwanza.

2. Usiufukuze mkungu mzima

Ndizi mbichi ya kupika si ndizi mbivu. Ndizi ikiwa mbichi, karibu wanga mtupu. Ikiiva, wanga ule hugeuka sukari. Ndiyo maana mtu anayeteswa na ndizi mbivu anaweza kula sahani ya matoke au ndizi za nazi akalala salama. Mwenye mzio wa ndizi asijaribu hili.

Vivyo hivyo, mtaalamu wa mimea atakuambia nyanya, bamia, biringanya, tango, boga na pilipili hoho ni matunda. Kwake, ni kweli. Tumbo lako halisomi vitabu vyake. Wengi wasiopatana na fruktosi hula hoho na bamia bila shida, na nyanya kwa kiasi. Weka daftari jikoni, uandike ulichokula, kiasi chake, saa, na tumbo lilivyosema. Wiki mbili zitakufundisha mengi kuliko kubahatisha mwaka mzima.

3. Vitamini C haikai kwenye chungwa peke yake

Hapa ndipo kila mtu anapokutisha. "Bila matunda utatokwa damu kwenye fizi!" Na hofu hiyo ina historia ya kweli, tena ya pwani yetu. Januari 1499, Vasco da Gama alifika Malindi akitoka India na mabaharia waliooza fizi kwa kiseyeye. Wengi walikuwa wamekufa njiani. Jambo mojawapo la kwanza alilotuma litafutwe nchi kavu lilikuwa machungwa kwa ajili ya wagonjwa.

Lakini hadithi haikuishia kwenye machungwa. Mwaka 1768 James Cook alipoondoka Uingereza kuelekea Pasifiki, alipakia kabichi iliyochachushwa, na kila alipotia nanga aliwahimiza watu wake wachume majani mabichi. Katika safari ile, iliyochukua karibu miaka 3, kiseyeye hakikumuua baharia wake hata mmoja. Kabichi na majani! Vitu ambavyo leo mama muuza mboga anavyo mezani kila asubuhi.

Tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yanakadiria kwamba mtu mzima anahitaji miligramu 45 za vitamini C kwa siku. Pilipili hoho ya kijani yenye gramu 100, ikiliwa mbichi, ina takriban 80, na ikiwa nyekundu inazidi hapo. Kabichi mbichi ya uzito huo ina kama 36. Mchicha, kabla ya kupikwa, una kama 40 na kidogo. Nusu hoho na konzi ya kabichi iliyokatwa nyembamba vimeshamaliza kazi ya siku nzima, na chakula chenyewe bado hakijapakuliwa.

Ndiyo maana mezani kwangu kachumbari si pambo la pilau. Ni mlo wa lazima, mchana na usiku: kabichi, karoti, hoho, chumvi, siki badala ya limau. Nyanya naweka kidogo. Osha vizuri kwa maji safi, maana kinacholiwa kibichi hakina moto wa kukisafisha.

4. Acha kuichemsha mboga hadi ikate tamaa

Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu tunalima mboga nzuri kisha tunaiua jikoni. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto. Sukuma wiki iliyokatwa asubuhi, ikalowekwa, ikachemshwa, yale maji ya kijani yakamwagwa, imebaki na nyuzi na rangi. Osha majani yakiwa mazima, kata sufuria ikiwa tayari motoni, weka mafuta kidogo, geuza kwa dakika chache, epua yakiwa bado na ukijani wake. Viazi vichemshe na maganda. Mboga ya kukausha juani ni akiba nzuri kwa madini, ila kwa vitamini C usiitegemee.

Kisamvu hakimo kwenye sheria hii. Majani ya muhogo yana sumu ya asili ya sianidi, na lazima yatwangwe na yapikwe mpaka yaive kabisa. Asikudanganye mtu kwamba kisamvu kibichi ni dawa.

5. Maharage yapewe mwenzake, chai ingoje

Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, choroko, dengu na mboga za majani hayafyonzwi kirahisi kama ya nyama. Vitamini C ikiwa kwenye mlo huo huo, mwili unachukua zaidi. Wengine hupata msaada huo kwa chungwa baada ya chakula. Wewe utaupata kwenye ile kachumbari, basi ile pamoja na maharage, si saa mbili baadaye. Chai ya rangi inafanya kinyume, inazuia chuma kisifyonzwe. Inywe kama saa moja kabla au baada ya kula. Wanawake wenye hedhi nzito na wajawazito wasilipuuze hili hata siku moja.

6. Tafuta rangi ya manjano ardhini

Embe na papai husifiwa kwa vitamini A. Karoti na viazi lishe, vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinakupa hiyo hiyo. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watafiti wanne, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, na watatu kati yao walituzwa kwa kazi ya viazi hivi. Kama viazi vitamu vinakuvimbisha, punguza kipande au kula karoti. Mchicha na matembele nayo yana akiba hiyo chini ya ukijani wake. Sharti ni mafuta: bila tui, karanga zilizotwangwa au kijiko cha ufuta, sehemu kubwa inapita tu.

7. Tumbo linataka makapi, ila si yote

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula. Badili sembe kwa dona. Kunywa uji wa ulezi, ambao juu ya nyuzi una kalsiamu kuliko nafaka zetu nyingine, jambo la maana sana kwa asiyekunywa maziwa. Mtama nao upate siku yake.

Hapa lakini kuna mtego ulionisumbua miezi. Niliacha matunda yote na bado nikavimbiwa. Mkosaji alikuwa kitunguu! Vitunguu maji na vitunguu saumu vina minyororo ya fruktosi ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuivunja, na ngano, yaani chapati na mkate, inayo pia. Siku hizi nakaanga kipande kikubwa cha kitunguu kwenye mafuta kisha nakitoa: harufu inabaki, ile minyororo haiyeyuki kwenye mafuta. Au natumia majani ya kitunguu, ile sehemu ya kijani. Maharage na mbaazi loweka usiku kucha, maji yale yamwage, chemsha kwa maji mapya.

8. Kagua sukari iliyojificha

Asali ni ya asili, na ina fruktosi kuliko glukosi. Juisi ya boksi, hata ikiandikwa haina sukari ya kuongezwa, ni matunda matano yaliyoingia kwenye glasi moja. Ubani wa kutafuna usio na sukari na dawa nyingi za maji za kikohozi huwekwa sobitoli, ambayo huwasumbua watu wenye matumbo kama yangu. Muulize mfamasia kama ipo ya vidonge.

9. Vitamini B12 meza kidonge

Mimea haina, na hata matunda yasingekupa. Asiyekula chochote cha mnyama anahitaji nyongeza, iwe kidonge au chakula kilichoongezewa. Upungufu wake huja polepole, na mishipa ya fahamu ikishaumia si rahisi kuirudisha.

10. Ugenini, sema mapema

Kukataa tunda ulilopewa kwa mkono wa mwenyeji ni jambo zito kwetu. Nimejifunza kutosema "sipendi", kwa sababu hilo linamgusa aliyekupa. Nasema, "Tunda nalipenda, bibi, tumbo ndilo halipatani nalo," tena nasema kabla ya kukaribishwa mezani, nikienda na korosho au karanga zangu mkononi ili nisikae mikono mitupu wengine wakila.

Kwenye futari swali huja kila mwaka: na tende je? Mafundisho yenyewe yameshalijibu. Asiyekuwa na tende afungulie kwa maji. Kwa hiyo mafunda ya maji, uji, kisha mihogo au magimbi ya nazi, na mtu yuko sawa na wenzake.

Nawe mwenyeji unayesoma hapa, nikuombe neno. Mgeni akikuambia matunda hayamkubali, usimbembeleze aonje kidogo, wala usimchukulie kuwa anaringa. Mkatie hoho na karoti kwenye kisahani, umwekee na chumvi pembeni.