SOMO LA ROBO HII: Tamasha Likiisha, Nani Anabaki na Ujuzi?



Robo hii somo letu linahusu maonyesho ya ufundi wa asili na ya wanyama wa kazi katika matamasha ya vijijini. Sharika zetu kadhaa sasa huweka maonyesho ya namna hii katika sikukuu ya mavuno. Watu hufurahi, wageni hupiga picha, na sadaka huongezeka. Hayo yote ni mema. Lakini swali la somo hili ni moja: mahema yakishushwa na vyombo vya muziki vikipakiwa, nani anabaki na ujuzi?

Lengo la somo: Mwisho wa somo, kamati iweze kutofautisha onyesho la kutazamwa tu na onyesho linalorithisha ujuzi, na iweze kupanga angalau onyesho moja la aina ya pili.

Tulipokosea sisi wenyewe

Naanza na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na sikukuu ya mavuno katika usharika mmoja wa milimani. Tulimwalika mzee mmoja msuka nyungo, aliyejulikana tarafa nzima. Ratiba niliipanga mimi. Kwaya zilikuwa saba, mnada ulikuwa mrefu, na wageni kutoka usharika rafiki wa ng'ambo walitakiwa kuondoka saa tisa. Mzee nikampa dakika 15.

Akaketi kwenye mkeka, akaanza kusuka. Alipochukua fito ya kukunja ukingo, binti mmoja wa darasa la saba akamwuliza, "Babu, unajuaje kwamba haitakatika?" Mzee akainua fito, akaiinamisha kidogo karibu na sikio lake, akamwambia, "Sogea, usikilize." Wakati huohuo mshereheshaji akatangaza kwaya inayofuata. Watu wakapiga makofi. Mzee akaweka fito chini akacheka, akasema atamweleza siku nyingine.

Siku hiyo haikufika. Kabla ya mavuno mengine Bwana alimtwaa. Ungo ule ambao haujatiwa ukingo tunao ofisini mpaka leo. Kina mama wa usharika wamejaribu kuumalizia, na kila mara fito imepasuka pale inapopinda. Kusuka kwenyewe wanakuweza. Kinachowashinda ni kile ambacho yule binti aliuliza.

Tangu hapo nimekuwa nikichunguza jinsi wenzetu wa mahali pengine wanavyofanya. Mfano wenye mafunzo mengi nimeupata Uingereza, ambako mbwa wa kondoo na mafundi wa asili wamekuwa wakioneshwa katika matamasha ya vijijini kwa muda mrefu, na kumbukumbu zimetunzwa. Tuutazame, upande uliofaulu na upande ulioshindwa.

1. Mbwa wa Bala

Tarehe 9 Oktoba 1873, katika mji mdogo wa Bala huko Wales, mwenye shamba mmoja aitwaye Richard John Lloyd Price aliandaa mashindano ya mbwa wa kondoo. Ndiyo mashindano ya kwanza ya aina hiyo yanayojulikana kwa kumbukumbu katika Uingereza. Mbwa 10 walishindana mbele ya watazamaji wapatao 300. Mshindi alikuwa James Thomson, Mskoti aliyekuwa akiishi Wales, pamoja na mbwa wake mdogo, Tweed.

Kinachoshindaniwa si mbwa kuruka juu wala kusimama kwa miguu miwili. Ni kazi ileile ya kila siku mlimani. Mwenye mbwa husimama mahali pamoja. Kondoo wachache, mara nyingi watano, huachiwa mbali, mita mia kadhaa. Mbwa hutumwa akazunguke kwa upinde mpana ili asiwashtue, atokee nyuma yao. Hapo kondoo waanze kutembea bila hofu. Kisha awalete kwa mstari ulionyooka, awapeleke kupitia malango, amsaidie mwenyewe kuwatenga baadhi yao, na mwisho waingie zizini. Maagizo ni maneno machache na miluzi, kwa kuwa mluzi hufika mbali kuliko sauti.

Waamuzi hufanya kazi kwa namna inayotufaa kuijua. Katika utaratibu unaotumika sana, kuzunguka kuna alama 20, kuwaanzisha kondoo 10, kuwaleta 20, kuwaswaga 30, kuwatenga 10, na kuwaingiza zizini 10. Mbwa huanza na alama zote, na hupunguziwa kila anapokosea. Kondoo wakikimbizwa, alama hupungua. Wakipotoka njia, hupungua. Kwa hiyo anayepimwa hasa ni mbwa kwa njia ya kondoo: je, wamefika wakiwa watulivu?

Yako mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, mbwa huyu hakufundishwa kitu kigeni kwa damu yake. Kunyemelea, kukodoa jicho na kuzunguka windo ni mambo ya mnyama mwindaji. Wafugaji wamechagua vizazi vya mbwa kwa muda mrefu, wakatunza kunyemelea na kukataa kuuma. Mafunzo ni kumzoeza kuitumia silika hiyo kwa utii, kidogo kidogo, kwa miezi mingi.

Pili, mashindano yalibadilisha namna ya kuzalisha mbwa. Kabla yake, mbwa mzuri alijulikana bonde moja tu. Baada yake wafugaji waliweza kuona na kulinganisha. Mwaka 1893 katika jimbo la Northumberland alizaliwa mbwa aliyekuja kuitwa Old Hemp, wa mfugaji Adam Telfer. Baba yake alikuwa mbwa mpole asiye na nguvu nyingi mbele ya kondoo, na mama yake alikuwa mwenye haya lakini mwenye jicho kali. Hemp akapata kipimo cha katikati: nguvu pamoja na utulivu. Alifanya kazi kimya, na wafugaji wakamtafuta awe baba wa mbwa wao. Alikufa mwaka 1901, na mbwa wa kondoo wa aina ya Border Collie walioko duniani leo karibu wote wana damu yake. Mwaka 1906 wafugaji wa Uingereza na Uskoti waliunda chama cha kimataifa cha kusimamia mashindano hayo, na chama hicho kingali hai.

Kwa nini ujuzi huu haukufa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu wengi waliosimama kando ya uwanja walikuwa wafugaji wenyewe. Kesho yake asubuhi walikuwa na kondoo wa kuchunga. Walichokiona walikwenda kukijaribu.

2. Mbwa na bata

Siku hizi, katika matamasha mengi ya huko, mbwa huoneshwa pia akiswaga bata. Bata hutembea kwa kundi kama kondoo, na uwanja mdogo unawatosha. Watoto huitwa uwanjani wanyoshe mikono wawe "zizi", na bata wakaingizwa katikati yao. Watu hucheka sana.

Sisemi kwamba ni vibaya. Familia ya mjini ambayo haijapata kuona mbwa akifanya kazi huondoka ikiheshimu kazi hiyo. Lakini hakuna atakayerudi nyumbani akaweza kufundisha mbwa. Hilo ni onyesho la kutazamwa, na lina mahali pake. Hatari ni pale ambapo matamasha yetu yote yanakuwa ya bata, nasi tunaandika katika taarifa kwamba "ujuzi wa asili umeendelezwa".

3. Chekeche lililokwisha

Katika matamasha hayohayo utakuta pia mafundi: wanaosokota sufu, wahunzi, wajengao kuta za mawe bila saruji wala udongo. Mtu angedhani ufundi uko salama. Lakini mwaka 2017 chama kimoja cha kutunza ufundi wa urithi nchini humo kilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya ufundi ulio hatarini. Aina 4 za ufundi ziliandikwa kuwa zimekwisha kabisa. Mojawapo ilikuwa utengenezaji wa machekeche kwa mkono.

Chekeche hilo lina ukingo wa ubao mwembamba uliopindwa kuwa duara kwa mvuke, na wavu wa waya uliosukwa kwa mkono ndani yake. Wakulima, watunza bustani na wafua vyuma walilitumia vizazi na vizazi. Niliposoma habari hiyo niliukumbuka ungo wetu wa ofisini. Wao ubao, sisi fito. Lakini kazi ni ileile, kupinda ukingo usipasuke.

Nchi hiyo haikukosa matamasha. Ilichokosa kwa ufundi ule ni mwanafunzi aliyeketi kando ya fundi muda wa kutosha. Jambo la kutia moyo ni kwamba baada ya orodha kutoka wapo waliojitosa kuufufua, na machekeche yanatengenezwa tena, ingawa na mikono michache. Kuandika wazi kwamba "huu umekwisha" kuliwaamsha watu kuliko makofi.

Tunajifunza nini kwa sharika zetu?

Hatuwaambii mnunue mbwa wa Ulaya. Mbwa wa wafugaji wetu wana kazi yao: hubweka fisi akikaribia boma, na mwenyewe akaamka. Wanyama wetu wa kuonesha kazi ni pengine maksai. Kijana anayelima mstari ulionyooka kwa maksai wanaosikia sauti, bila kuwachapa, ana ujuzi sawa na ule wa Bala, na anaweza kupimwa vilevile: anza na alama zote, punguza kila fimbo inapoinuka. Wakulima watakaotazama wana mashamba ya kulima kesho yake.

Kwa ufundi, tunapendekeza haya:

a) Orodha kwanza. Kabla ya kupanga tamasha, kamati iandike mafundi wote walio katika mitaa yake: msuka nyungo, mfinyanzi, mchonga mizinga, mhunzi. Mbele ya kila jina iandikwe umri wake na jina la anayejifunza kwake. Pale ambapo nafasi ya pili ni tupu, ndipo pa kuanzia.

b) Fundi asiketi peke yake. Aletwe na mwanafunzi mmoja au wawili, hata kama hawajui kitu. Watu waone ujuzi ukipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

c) Oneshwe kazi iliyo njiani. Ungo uliokamilika uko sokoni. Wekeni mezani fito mbichi, fito iliyopasuliwa, kitako kilichoanza kusukwa, na ukingo uliopasuka pia. Kilichoharibika hufundisha sana.

d) Muda uamuliwe na kazi. Mpeni fundi kivuli pembeni kwa siku nzima, nje ya ratiba ya jukwaani. Maswali yasikatizwe na kipaza sauti.

e) Daftari liwe mezani. Anayetaka kujifunza aandikwe jina siku hiyohiyo na apewe tarehe ya kwanza ya kurudi, isipite wiki mbili.

f) Fundi alipwe. Siku anayofundisha ni siku asiyosuka. Asante na soda havijazi pengo hilo.

g) Usalama wa wanyama. Mbwa yeyote atakayeletwa uwanjani awe amechanjwa kichaa cha mbwa, afungwe kamba, na akae mbali na watoto wadogo. Akiuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungojea dalili.

Neno kwa wafadhili

Ndugu zetu, mmekuwa mkituuliza waliohudhuria ni wangapi, nasi tumewaandikia idadi kubwa ili mfurahi. Tunaomba kuanzia sasa mtuulize swali jingine: waliorudi kwa fundi baada ya sikukuu ni wangapi? Idadi itakuwa ndogo. Huenda ikawa watatu. Tunaomba mfurahie watatu hao, na mchango uliokuwa wa kukodi mahema uweze kulipa siku za kufundisha.

Maswali ya majadiliano katika kamati

1. Katika mitaa yetu, ni ufundi gani unaoshikwa na mtu mmoja tu? Ana umri gani?
2. Katika sikukuu ya mavuno iliyopita, ni maonyesho gani yalikuwa "ya Bala" na yapi yalikuwa "ya bata"?
3. Tukipunguza kwaya mbili katika ratiba, nani atanung'unika, na tutamwelezaje?
4. Nani katika kamati atatunza daftari na kufuatilia walioandikwa?
5. Soko la kazi ya fundi liko wapi? Kijana atajifunza ungo iwapo haununuliwi?

Tunaomba kila kamati ituletee orodha ya mafundi wake kabla ya toleo lijalo. Na iwapo katika usharika wenu yuko mtu ajuaye kupinda ukingo wa ungo, tafadhali msingoje orodha; tupeni taarifa mapema. Yule binti sasa ni mtu mzima, anaishi jirani na usharika uleule, na wiki iliyopita alipita ofisini akauliza tena.

Tunawatakia majadiliano mema.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi