Funambulus: Mtembea Kambani Akianguka, Je?



Leo tunajifunza neno moja tu la Kilatini: funambulus. Usiogope, ni jepesi. Limeundwa na maneno mawili: funis, yaani kamba, na ambulare, yaani kutembea. Kwa Kiswahili tungesema mtembea kambani, yule mwanasarakasi anayevuka juu ya kamba iliyokazwa huku watu chini wameshika vichwa.

1. Maana halisi

Warumi waliwapenda sana watu hawa. Mwaka 165 kabla ya Kristo, tamthilia ya Terence iitwayo Hecyra ilishindwa kuendelea kwa sababu akili za watazamaji zilikuwa kwa mtembea kambani!

Na siri yake ni nini? Hatazami miguu yake, hukaza macho mbele. Mara nyingi hushika ufito mrefu. Mwili ukianza kuinama, ufito unaupunguzia kasi, naye anapata nafasi ya kujirekebisha.

Hata sisi Wakatoliki tunaye wa kwetu. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyezaliwa 1815 kijijini Becchi, Italia, alikuwa akifunga kamba kati ya mpeasi na mti mwingine, akawachezea wanakijiji sarakasi akiwa bado mtoto. Kiingilio? Rozari kwanza, kisha kusikiliza mahubiri ya Padre ambayo Yohane aliyarudia kwa kichwa. Asiyetaka kusali, haoni mchezo.

2. Maana ya mfano

Waitalia bado wana neno funambolo, na hulitumia pia kwa mtu, hasa mwanasiasa, anayejua kupenya kila upande bila kuanguka. Sisi tungemwita kigeugeu au ndumilakuwili. Jumapili kwaya, Jumamosi usiku mambo mengine, na kote anapigiwa makofi. Wahenga walishasema, njia mbili zilimshinda fisi. Na Yesu alishatuambia habari ya kutumikia mabwana wawili (Mt 6:24).

Lakini ipo maana nyingine, na hii inatoka Afrika. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertullian wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, aliandika kitabu kiitwacho De Pudicitia. Humo anamtaja mtembea kambani wa usafi wa moyo: Mkristo anayepita juu ya uzi mwembamba, roho ikiusawazisha mwili, imani ikimwongoza. Picha nzuri, si ndiyo?

Ila soma vizuri, kuna kejeli ndani yake. Tertullian alikasirishwa na wale waliotaka kuwasamehe waliozini. Ni kama anasema: ya nini kujisumbua na kila hatua, wakati ukianguka msamaha unakungoja?

3. Akianguka, je?

Swali hilo si la kale. Wapo vijana wanaosema, “Nitaungama tu baadaye.” Na wapo wengine, wengi zaidi nadhani, walioanguka kweli: mimba, pombe, picha chafu za kwenye simu. Sasa wanakaa benchi la mwisho, wengine wakienda kukomunika wao wanatazama sakafu. Wamejihukumu: mimi nimeshaanguka, yameisha.

Hebu turudi kwa Warumi. Inasimuliwa kwamba kaisari Marko Aurelio, baada ya mtoto mmoja kuanguka kambani, aliamuru magodoro yatandikwe chini. Baadaye ikawa desturi kutega wavu. Sasa jiulize: je, kuna mtembea kambani anayepanda juu ili aangukie godoro? Hakuna. Kuanguka bado ni aibu, bado kunauma. Godoro halikuondoa kamba, liliondoa kifo. Aliyeanguka aliweza kupanda tena.

Hapo ndipo Kanisa lilipokataa kumfuata Tertullian. Kitubio hakikushushi viwango, kamba inabaki pale pale juu. Lakini Kristo aliwapa mitume mamlaka ya kuondolea dhambi (Yn 20:23) kwa sababu alijua watu wake wataanguka. Hata Mithali 24:16 inamtambua mwenye haki kwa kuinuka kwake, si kwa kutoanguka kamwe.

Kwa hiyo wewe unayecheza na dhambi ukitegemea kitubio, kumbuka kwamba mtu huumia hata juu ya godoro. Na wewe wa benchi la mwisho, usilale hapo. Inuka, kamba yako inakungoja.

Ya kutafakari wiki hii:

– Macho yangu nimeyakaza wapi: mbele kwa Kristo, au chini kwa wanaopiga makofi?
– Ufito wangu ni upi? Sala, rafiki mwema, jumuiya?
– Mara ya mwisho niliungama lini? Kama ni zamani, kinachonizuia ni nini hasa?

Mtakatifu Yohane Bosco, baba na mwalimu wa vijana, utuombee!