Je, Kundi Hilo Lina Mlango wa Kutokea?



Jioni moja mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Kakamega alikuja kwangu. Nilimpa kiti, hakukaa. "Katekista," akasema, "mume wangu hanywi tena chai yangu." Mumewe alikuwa amebatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tunaowaita Wamormoni, ambao hukatazwa chai na kahawa. Mama huyu alitaka neno moja tu kutoka kwangu: kama hilo ni kundi potofu, achukue watoto arudi kwao.

Tangu yale ya Shakahola swali hili limeingia katika nyumba nyingi. Jibu la haraka laweza kuvunja ndoa bure, na jibu la kuchelewa laweza kupoteza roho za watu. Hebu tulitazame kwa utulivu.

Imani tofauti si lazima iwe kundi potofu

Wamormoni walianzishwa Marekani mwaka 1830 na Joseph Smith. Serikali ya Kenya iliwatambua mwaka 1991. Mafundisho yao juu ya Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu yako mbali na yetu, hata Roma ilitamka mwaka 2001 kwamba ubatizo wao si halali kwetu. Hapo hatuna budi kusema wazi: sisi na wao hatukiri imani moja.

Lakini kukosea katika mafundisho ni jambo moja, na kumfunga mtu ni jambo lingine. Kuacha chai si dalili ya hatari. Hata sisi hufunga wakati wa Kwaresima. Mtakatifu Paulo hakuwaambia Wathesalonike wakimbie kila kitu kigeni, bali wapime (1 Thes 5:21). Basi tupime kwa kipimo gani?

Kanungu na Shakahola

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamefungwa. Baadaye makaburi mengine ya halaiki yalifukuliwa. Kundi lile lilijiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Tuseme ukweli ingawa unauma: viongozi wake wakuu walitoka katika Kanisa letu, na mmoja alikuwa padre. Wafuasi walitoa mali yao yote kwa kundi, mume na mke walikatazwa tendo la ndoa, na watu walizuiwa kuzungumza wapendavyo.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliokufa kwa njaa, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa, naye akakana mashtaka. Kabla ya msiba ule wapo wafuasi walioacha kazi, wakawatoa watoto shuleni na kukataa hospitali.

Tazama, msomaji: moja lilivaa rozari na lingine halikuvaa. Jina halikuokoa mtu. Kilichofanana ni kwamba aliyeingia hakuona tena njia ya kutoka.

Maswali matano ya kuuliza

1. Je, mtu akitaka kuondoka anaruhusiwa, au anatishwa kwa laana, kipigo au kifo?

2. Je, mali ya familia inatolewa kwa kiongozi hata mwenzi asijue?

3. Je, kiongozi anaweza kuulizwa swali, au neno lake limewekwa sawa na neno la Mungu?

4. Je, watoto wanakwenda shule, wanakula, na wakiugua wanapelekwa hospitali?

5. Je, mume na mke wanatenganishwa, au kukatazwa kuzungumza na wazazi na ndugu?

Ukijibu vibaya swali la kwanza au la nne, usingoje novena iishe. Mwendee chifu au polisi siku hiyo hiyo, na watoto uwaweke mahali salama.

Tuwapime Wamormoni kwa haki. Hutoa fungu la kumi, na hilo lajulikana wazi. Shule na hospitali hawazikatai. Anayetaka kutoka huandika barua, na jina lake huondolewa. Hata hivyo ndani ya hekalu lao huingia tu mwenye kibali, kinachotolewa baada ya kuhojiwa. Mzazi asiye na kibali hushinda nje wakati mwanawe anafunga ndoa humo. Na wako waliotoka wakasimulia jinsi marafiki na hata jamaa walivyowapa kisogo. Mlango upo, ila wengine huuvuka wakilia.

Kwa ndoa yako

Ikiwa mlifunga ndoa kanisani, mwenzi wako akihama, ndoa yenu haijafa. Paulo anamshauri mwamini asimwache mwenzi asiyeamini aliye tayari kuishi naye (1 Kor 7:12-16). Wewe Mkatoliki unayetaka kuoana na Mmormoni, mwone paroko mapema, maana bila ruhusa ya Askofu ndoa hiyo si halali. Mkatoliki aliyehama akirudi habatizwi tena. Humwona padre, akaungama na kupokelewa. Lakini mtoto aliyebatizwa huko tu atahitaji ubatizo wetu.

Yule mama tulimwuliza maswali yale matano. Hakuna hata moja lililomfanya afungashe. Alibaki, akaacha kubishana mezani, na asubuhi akawa anampikia mumewe uji. Baada ya mwaka na zaidi yule bwana alianza mwenyewe kutafuta njia ya kurudi. Nani alimzuia? Ni sisi. Jumapili ya kwanza mtu mmoja alimcheka mlangoni, "Hata Mormoni amekuja!" Na mimi katekista nilikuwa nimefuta jina lake katika orodha ya wasomaji bila kwenda kumsalimu hata siku moja. Alikaa miezi mitatu tena nyumbani. Nilikwenda kwake, nikamwomba msamaha, ndipo akaja.

Basi, mpenzi msomaji, unapolipima kundi la wengine kwa mlango wa kutokea, tazama pia mlango wetu wa kurudia. Baba wa mwana mpotevu hakungoja maelezo. Alimkimbilia mwanawe akiwa bado mbali.

Maswali ya kujadili nyumbani

Mwenzi wangu akiwa na shaka ya imani, je, anaweza kuniambia bila kuogopa?

Katika jumuiya yetu, ni nani aliyeondoka ambaye hatujamtembelea?