Redio Inaomba Kode: Mafunzo Niliyopata Kasenga

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Kasenga, mjini Uvira. Kazi yangu kubwa ni betri, alternata na taa. Redio zilinijia zenyewe. Mtu ananunua betri mpya, anaifunga mwenyewe au anafungiwa na jirani, gari linawaka mara moja, lakini redio iliyokuwa ikiimba jana sasa inaonyesha SAFE, au CODE, au mstari mrefu wa Kijapani. Ndipo anapoleta gari: "Papa fundi, redio iko naomba kode." Haya niliyojifunza nayaandika jinsi yanavyonijia, si kwa ukubwa wake.

1. Redio haijaungua

Wengi hufika wakiamini betri mpya imeua redio, na wengine wameshagombana na aliyewauzia betri. Redio ni nzima. Redio za kiwandani za magari mengi ya Ulaya, hasa ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zina waya wa umeme usiokatika hata ukitoa ufunguo. Kwa waya huo redio inakumbuka saa na vituo, na pia inajua kwamba haijang'olewa mahali pake. Umeme huo ukikatika, hata kwa muda wa kulegeza nati moja kwa spana namba 10, redio ikiwashwa tena inajifunga. Haina njia ya kujua kama waya umekatwa na mwizi au umefunguliwa na fundi. Kode yenyewe haijapotea. Imeandikwa ndani, kwenye chipu ya kumbukumbu isiyohitaji umeme, na redio inangoja mtu wa kuitaja.

Kufuli hili lilibuniwa wakati redio za magari zilikuwa zikiibwa sana katika miji ya Ulaya. Hesabu ya waliolibuni ilikuwa nzuri: redio isiyoimba bila kode, mwizi atamuuzia nani? Lakini walimfikiria mtu anayenunua gari jipya dukani, anapewa kadi ya kode pamoja na kitabu, na akiipoteza anarudi kwa muuzaji yuleyule. Gari likishafika kwetu limepita mikono mingi. Limepakiwa melini Antwerp, limeshushwa, limeuzwa, limeuzwa tena, na kadi imebaki kwenye droo ya Mbelgiji ambaye hata hakumbuki gari hilo. Kufuli la mwizi linamshika mnunuzi wa nne ambaye hajaiba kitu. Siwalaumu sana waliolibuni, ila sisi hatukuwamo katika mawazo yao.

2. Anza na karatasi

Kabla hujatoa hata franga moja, pekua gari. Fungua kisanduku cha dashibodi, toa kila kitu, angalia ukuta wake wa ndani: kwenye Honda nyingi zilizotoka Ulaya kuna stika ndogo yenye namba, na watu huiona kama takataka. Funua kitabu cha gari ukurasa kwa ukurasa. Wenye magari wa Ulaya walipenda kuandika kode kwa kalamu kwenye jalada la nyuma, au kubandika kikaratasi chini ya kisahani cha majivu ya sigara. Kitabu kikiwa cha Kiholanzi au Kijerumani usikitupe kwa sababu hukielewi. Namba nne zilizoandikwa kwa mkono zinasomeka katika lugha yoyote.

3. Usibahatishe

Hapa ndipo vijana wanapoharibu. Wanaanza 0000, wanaenda 1234, wanajaribu mwaka wa gari. Kwenye redio nyingi za zamani za Volkswagen, ukikosea mara mbili redio inajifunga kwa muda wa saa moja hivi, na lazima iachwe ikiwa imewashwa. Ukiizima, saa inaanza kuhesabiwa upya. Renault inaongeza muda wa kungoja kadiri unavyokosea. Kwa hiyo gari likiletwa, swali langu la kwanza ni: nani ameshabonyeza, na mara ngapi? Mteja akicheka bila kujibu, najua tutakaa sana.

Ukiwa na kode sahihi, kazi ni ndogo. Kwenye Volkswagen hizo, vitufe vya 1 hadi 4 vya vituo ndivyo vya kupandisha tarakimu, kila kitufe tarakimu yake, halafu unashikilia kitufe cha kutafuta vituo upande wa kulia kwa zaidi ya sekunde mbili. Kwenye Honda nyingi tarakimu ni tano, unabonyeza vitufe vya vituo kwa kufuatana, na ya tano ikiingia redio inafunguka yenyewe.

4. Namba ya kuombea kode iko kwenye redio

Karatasi zikikosekana, redio yenyewe ina jina lake, yaani namba ya utambulisho. Nyingi za Volkswagen huanza na VWZ, za Audi AUZ. Nyingi za Ford huanza na V au M. Renault ina stika yenye herufi moja na tarakimu tatu. Honda ni muungwana zaidi: washa ufunguo huku redio imezimwa, shikilia kitufe cha 1 na cha 6 pamoja, kisha bonyeza cha kuwashia, namba inajitokeza kwenye kioo bila kung'oa chochote.

Nyingine nyingi lazima uzichomoe. Redio za zamani zina vitundu viwili kila upande, na pini zake nazitengeneza kwa spoki nene za pikipiki, ambazo Uvira hazikosekani. Sukuma mpaka usikie klipu zimeachia, halafu vuta taratibu. Wanaotumia bisibisi wanavunja dashibodi kwa ajili ya namba.

Namba ikishapatikana, kode inaombwa kwa mwakilishi wa kampuni, au kwa mafundi wa Bujumbura na kwingineko wanaouza kode kwa simu. Hapo kuna jambo la kushika: kode inatoka kwenye namba ya redio, haitoki kwenye aina ya gari. Anayekwambia ana "kode ya Golf zote" anataka pesa yako ya simu tu. Mpe picha ya stika, wala usimpe hadithi ya gari.

Shida ni stika zilizofutika. Tangu mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020, na Ziwa Tanganyika likaja kupanda mpaka majumbani, nimechomoa redio ambazo karatasi zake zimekuwa uji mkavu. Hizo zinataka mtu wa kufungua kifuniko na kusoma chipu kwa kompyuta. Nina fundi wa simu ninayempelekea. Si kazi ya kufanya kando ya barabara, vumbi linaingia.

5. Ya Japani ni habari nyingine

Magari mengi mjini petu ni Toyota za Japani, usukani kulia katika nchi inayoendesha kulia, yaliyopitia bandari ya Dar es Salaam. Mwenye Noah anaijua sauti ya yule mama Mjapani anayemsalimu kila asubuhi. Wengi wanadhani anawatakia safari njema, kumbe anasema kadi ya malipo ya barabara haijachomekwa.

Redio zenye ramani za magari hayo mara nyingi haziombi kode kwanza. Zinaomba kadi ya ramani, au diski kwa zile za zamani. Betri ikitolewa, programu inatakiwa isomwe upya kutoka kwenye kadi ile, na isipokuwepo skrini inabaki kwenye mstari uleule wa Kijapani. Na kadi haipo. Mtu aliiona njiani, akaifuta, akajaza nyimbo. Ndiyo maana nawaambia wanaonunua gari: kadi ukiikuta ndani usiichomoe, hata kama ramani yake ni ya Japani na haijui mtaa wetu wa Kalundu uko wapi. Kadi ya redio nyingine haifai tu kwa sababu inaingia kwenye tundu. Ni lazima ilingane na aina ya redio. Nyingine zinadai pia namba ya kufungulia inayokokotolewa kutoka kwenye namba iliyo kwenye skrini. Hapo piga picha ya skrini nzima, herufi kwa herufi, ndipo umtafute anayekokotoa.

6. Usibadilishe betri injini ikiwaka

Kuna madereva wanaoijua hadithi ya kode, wakajitungia dawa: wanawasha injini, wanaondoa betri huku gari linanguruma, wanaweka mpya. Redio kweli haijifungi. Lakini alternata isiyo na betri inaweza kurusha volti kubwa kwa ghafla, na nimeona diodi zake zimeungua, na mara moja kompyuta ya injini. Bei yake na ya redio hazikai meza moja.

Njia yangu ni betri ya pili. Injini imezimwa. Kwa waya nene za kuwashia gari lililoishiwa nguvu, naunganisha chanya kwa chanya, na hasi kwenye chuma safi cha injini. Kibano cha chanya kishike kichwa cha waya wa gari, si nguzo ya betri, maana nguzo inaondoka na betri. Kisha nafungua hasi ya betri ya zamani, halafu chanya. Angalia sana hapo: kichwa cha chanya ulichokifungua bado kina umeme kutoka betri ya pili, kikigusa bodi utaona cheche. Nakifunika kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Betri mpya ikikaa, chanya inatangulia, hasi inafuata, na betri ya msaada ndiyo ya mwisho kuondoka. Redio haijui kama kuna kilichotokea.

Na kama huna betri ya pili, basi tafuta kode kwanza, ndipo ufungue nati. Betri zetu hazifi kwa kushtukiza hivyo. SNEL, kampuni ya umeme, ikikata umeme jioni, gari ndilo linalochaji simu za nyumba nzima, na mwenye gari anaona taa zikififia wiki nyingi kabla.

7. Nauliza gari liko wapi

Mtu akileta redio mkononi, imefungwa kwenye fulana, naomba kuona gari na karatasi zake. Wengine wanakasirika, wengine hawarudi. Kufuli lile, pamoja na udhia wake wote, hapo linafanya kazi lililotumwa kufanya.

8. Kufunguka si kusikika

Mzee mmoja wa Kalundu alifurahi kuona Toyota yake imerudisha redio, akataka Radio Okapi, akataka na vituo vya Bujumbura. Akazungusha mpaka 90, namba zikarudi 76. Hakuna kilichoharibika. FM ya Japani ilipangwa kati ya 76 na 90, kwa sababu juu yake palikuwa na televisheni za analojia mpaka zilipozimwa mwaka 2011. Redio nyingi zilizokuja baadaye zinafika 95. Sisi tunatangaza kuanzia 87.5 hadi 108, hivyo sehemu kubwa ya vituo vyetu redio hiyo haitavipata kamwe.

Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena, kinashusha masafa. Kikiwa cha kushusha 16, kituo cha 100 unakikuta kwenye 84. Kinafanya kazi, ingawa sauti inapungua kidogo, na namba za kwenye kioo zinakuwa za kukariri. Mzee hakutaka hesabu hizo. Alinunua redio ya Kichina yenye mlango wa flashi, nami nikamfungia. Kwenye hizo, waya wa njano ni wa umeme wa kudumu na mwekundu ni wa ufunguo. Fundi akizigeuza waya hizo, vituo vinasahaulika kila ukizima gari. Akiunganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio inaweza kukesha, na asubuhi betri mpya haizungushi injini.